Kiangazi cha Kwanza cha Bwana Miti Nyumbani

Jumatatu, 1 Julai

Nimeanza kuandika kwa sababu moja tu: sina tena wa kumlalamikia. Zamani nilikuwa namlalamikia jirani yangu Damari kwamba mume wangu hakai nyumbani. Sasa amestaafu, anakaa, na Damari hataki kusikia malalamiko ya upande wa pili. Ameniambia, "Mama Esnath, ulimwombaga Mungu, Mungu kakupa. Nyamaza ule."

Mume wangu ni Andendekisye, lakini hapa kijijini, huku Mufindi, hata watoto wa chekechea wanamwita Bwana Miti. Amelinda misitu ya serikali tangu ujana wake, kwanza milima ya juu ya Chimala, halafu kwetu Rungwe, mwisho hapa Iringa. Mwezi uliopita alirudisha sare na pikipiki, akapewa cheti na blanketi. Leo asubuhi nimemkuta barazani amevaa buti zake, baridi imekaza, ukungu umeficha hata banda la kuku. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema hajui.

Jumanne, 9 Julai

Amelikagua rundo la kuni zangu jikoni na kuniuliza nimezitoa wapi. Nimempa uji bila sukari.

Jumamosi, 20 Julai

Leo tumezungumza vizuri, kwa hiyo niandike vizuri.

Tuna shamba la paina kwenye mteremko, kati ya bonde la vinyungu, yaani mashamba madogo ya bondeni, na msitu wa kijiji. Huku kila mtu ana paina zake, ndiyo pensheni yetu ya kweli. Zetu tulizipanda mwaka tuliohamia hapa, na sasa zimekomaa. Mume wangu ameniahidi kwamba kabla ya mvua tutaziuza, tutajenga nyumba kwetu Tukuyu, kwenye kiwanja alichoniachia mama, na tutahama.

Sitaki kitu kingine. Nimeishi na watu wa Iringa kwa wema, wamenifundisha kusalimia kamwene na kupika makande yao, lakini nataka kuzeeka mahali ambapo mvua inanyesha bila kubembelezwa na ndizi zinaota nyuma ya nyumba. Nataka nizikwe karibu na mama.

Tatizo ni kwamba kiwanja kimo ndani ya mji wa kaka yangu Asukile. Na Asukile amesema tangu miaka ile, "Dada yangu aje hata kesho. Huyo mtu wake asikanyage."

Jumapili, 4 Agosti

Mahubiri ya leo yalihusu kusamehe. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anatazama dari ya kanisa, nadhani anakisia mbao zake zimetoka msitu gani.

Niandike habari ya Asukile niishushe moyoni. Mama alipofariki, tulikuwa Rungwe na mume wangu ndiye aliyekuwa mlinzi wa msitu wa pale. Asukile hakutaka mama yetu azikwe katika jeneza la mbao za ovyo. Akaingia msituni, akaangusha mpodo mkubwa, mti usiokatwa bila kibali, akapasua mbao, na jeneza likatoka zuri ajabu. Mume wangu aliliona. Alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, alilia mpaka nikamwonea huruma, aliwakatia waombolezaji kuni. Matanga yalipokwisha, asubuhi, wageni walipokuwa wanakunja mikeka, alimwambia Asukile, "Shemeji, vaa koti twende kituoni."

Asukile alifungwa miezi sita. Mume wangu akaomba uhamisho, tukaja huku, tukapanda paina. Miti hii na ugomvi ule ni marika.

Hakuniuliza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, si kifungo. Mama alikuwa wangu, kaka ni wangu, na hakuniuliza.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Binti yetu Esnath amepiga simu kutoka Mbeya, yuko kwenye maonyesho ya Uyole, ameona ng'ombe mkubwa. Nimempigia Asukile pia. Nikamwambia miti itauzwa mwaka huu. Akasema, "Vizuri dada." Nikasema tutakuja wawili. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Jumatano, 28 Agosti

Upepo umeanza. Nguo zimeanikwa asubuhi, saa nne zimekauka kauu.

Jumanne, 10 Septemba

Amekuja Nasri, mfanyabiashara wa mbao wa Iringa mjini, kuangalia paina zetu kwa mara ya kwanza. Mtu wa adabu sana, babu zake walitoka pwani, na anazungumza Kiswahili ambacho hunifanya niketi wima. Tulipokuwa tunakunywa chai alianza kucheka peke yake.

"Mama, unajua mimi na mzee tumejuana zamani? Ila yeye hanikumbuki. Nilikuwa utingo kwenye lori la ami yangu. Tumepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, juu vitunguu, chini mbao za mninga. Mzee kasimama kizuizini. Hakupanda juu, hakugusa kitu. Aliinama tu akatazama springi, akasema, vitunguu havikalishi gari namna hii."

"Mkampa nini?" nikauliza, maana nawajua.

"Gunia la vitunguu. Akakataa. Tukaongeza la pili. Akayaandika yote mawili kuwa kidhibiti, yakaozea ofisini kwao. Ami yangu aliugua kwa hasira."

Mume wangu akasema kwa upole kwamba yale magunia kweli yalinuka sana. Mimi siku zile nilikuwa nanunua vitunguu kwa kupima na kibakuli. Nimecheka nao, lakini baadaye wakati naosha vikombe nilijiuliza ni wanawake wangapi wanaishi na mume ambaye mtu aliyekamatwa naye anamtembelea na kumwita mzee kwa furaha. Nasri amesema atarudi Oktoba kupima.

Jumamosi, 21 Septemba

Vumbi. Moshi upande wa Mgololo tangu asubuhi. Bwana Miti hajala mchana, amesimama uani anautazama. Nikamwambia, "Baba Esnath, ule si moto wako tena." Akasema, "Moto haujui nimestaafu."

Jumatatu, 30 Septemba

Sasa watu wanamfuata yeye badala ya ofisi. Sheria ndogo ya kijiji inasema anayetaka kuchoma majani shambani aombe ruhusa, na siku ya kuchoma awepo msimamizi, na majirani wasimame na matawi mabichi. Mwenyekiti wetu, Gideoni, amemfanya mume wangu kuwa msimamizi. Hakuna posho, hakuna sare. Toka apewe kazi hiyo anaamka anapiga mluzi. Nimekubali kwamba nilichokuwa nakitaka, mume wa kukaa nyumbani, hakipo duniani, na huyu aliyepo si mbaya.

Jumamosi, 5 Oktoba

Damari amekuja jioni. Ni mjane, analima peke yake kinyungu chake kule bondeni, chini ya paina zetu. Alitaka ruhusa.

"Bwana Miti, nimeshafyeka. Majani yamekaukaga tayari. Nataka nichome nipande mahindi, mvua isinikute."

"Upepo huu siupendi. Ngoja Jumanne asubuhi, upepo hulala kabla ya saa tatu. Nitakuja mwenyewe. Usiwashe mpaka unione."

"Na usipokuja?"

"Nimewahi kukosa?"

Damari akasema hapana, hujawahi. Na ni kweli.

Jumatano, 9 Oktoba

Nitaandika yote.

Jana asubuhi mapema Nasri alifika na vijana wake kupima miti. Hatukuwa tunamtegemea mpaka Ijumaa. Mume wangu akaingia nao shambani. Sijapata kumwona vile. Alikuwa anaipigapiga miti mashina, anawaeleza ule uliwahi kuvunjika na upepo ukajiunga, ule nusura uliwe na panya. Alikuwa anaimba. Mimi nilibaki juu barabarani na birika la chai, nikawaza rangi ya mlango wa nyumba yangu ya Tukuyu. Nasri alipoondoka ilikuwa karibu saa sita, wamepeana mikono, bei imekubaliwa. Tukarudi nyumbani tukala ugali. Hakuna aliyemkumbuka Damari.

Saa nane likalia rimu la gari lililoning'inizwa ofisi ya kijiji. Likilia bila kukoma maana yake ni moto, na kila nyumba itoe mtu. Tulipotoka nje tuliona moshi unapanda kutoka bondeni, mweusi, umelala upande wetu.

Nilikimbia nyuma yake hadi barabarani, pale juu ya shamba letu. Watu walikuwa wamefika, wanaume kwa wanawake, wamekata matawi. Chini kabisa moto ulishamaliza majani ya bondeni na kuanza kupanda mteremko. Upepo uliusukuma juu. Mbele yake kulikuwa na paina zetu, kisha barabara tuliyosimama, kisha msitu wa kijiji wenye chemchemi, halafu shule na nyumba.

Gideoni alikuwa anahema. "Bwana Miti, tukate mstari hapa chini."

"Hamtaumaliza. Ukifika kwenye hizi paina utapanda vileleni, na ukiwa vileleni barabara hii utairuka. Msitu utakwenda, na chemchemi itakwenda nao."

"Sasa?"

Mume wangu akaitazama miti. Akasema ni lazima tuwashe moto mwingine kuanzia barabarani, ushuke polepole ukakutane na ule wa bondeni, nao ule ukifika usikute cha kula. Kila mtu pale alijua paina ni za nani na zimeuzwa asubuhi.

Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya akina mama. "Mama Esnath."

"Niko hapa."

"Nichome?"

Nilikasirika. Nikamwambia, "Unaniuliza nini wakati umeshaamua?"

"Sijaamua. Ni nyumba yako. Nakuuliza."

Hakukuwa na nafasi ya kufikiri, na labda ni afadhali. Nilikumbuka mlango. Nilisikia watoto wa shule wanaitwa watoke madarasani. Neno lilitoka vibaya, nikalirudia. Choma.

Aliwapanga watu barabarani, kila mmoja na tawi lake, akawaambia waupe moto migongo na watazame msituni, cheche ikianguka waiue. Wote walimtii, hata wale aliowahi kuwanyang'anya mashoka. Kisha akawasha kiberiti, akawasha majani chini ya paina ya kwanza, akatembea na mwenge pembeni mwa barabara hadi mwisho wa shamba letu. Hakukimbia. Aliwasha kila mahali kwa uangalifu uleule aliokuwa nao wakati wa kupanda.

Mioto miwili ilikutana katikati ya shamba. Sauti yake siwezi kuieleza. Cheche zilituvukia barabarani, tukazipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Jua lilipokuwa linazama msitu wa kijiji ulikuwa umesimama wote. Paina zetu zilikuwa nyeusi kutoka juu hadi chini.

Aliketi kwenye udongo. Nikaketi naye.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimelia leo. Jana nilikuwa na kazi ya kuandika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kijiji kizima kinasema moto ulianzishwa na warina asali kutoka kijiji cha pili, wanaoingiaga bondeni na mienge yao. Gideoni ameitisha mkutano kesho, wanataka kwenda kuwashtaki. Damari hajatoka ndani kwake siku tatu. Nimempelekea uji, amepokea bila kuniangalia.

Ninajua. Mume wangu pia anajua, maana jana alikwenda bondeni peke yake akarudi na uso wa majivu. Nimemwambia, "Baba Esnath, kesho unaweza usiseme kitu. Warina asali ni watu wa mbali." Akaendelea kupangusa buti zake. Nikamwambia Damari ni rafiki yangu, hana mtu. Akachukua buti la pili. Nikaona yaleyale ya Asukile yanarudi, nikaenda kulala na hasira.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mkutano ulijaa. Gideoni alieleza habari ya warina asali, watu wakashangilia. Halafu akasema tumsikie Bwana Miti, ambaye sisi sote tuna deni kwake.

Damari alikuwa amekaa kando yangu chini, khanga imemfunika hadi machoni. Nikamshika mkono. Nilijiambia kwamba mume wangu akimtaja mwanamke huyu, nitakwenda Tukuyu peke yangu.

Alisimama akavua kofia. "Warina asali waacheni. Moto ulianzia kinyungu cha Damari."

Watu waliguna. Nikausikia mkono wa Damari unalegea ndani ya wangu.

"Subirini. Mama huyu aliniomba ruhusa Jumamosi, kama sheria inavyosema. Nikamwambia nitakuja Jumanne asubuhi, asiwashe mpaka anione. Alinisubiri mpaka mchana. Mimi nilikuwa nauza miti yangu. Nilimsahau. Kwa hiyo kosa la kuwasha bila msimamizi ni lake, na kosa la msimamizi kutokuwepo ni langu, na la kwangu ndilo lililozaa la kwake. Mwenyekiti, andika jina langu kwanza."

Gideoni hakutaka. Akasema, "Mzee, wewe umeshaadhibiwa na Mungu. Miti yote imeisha."

"Miti ni hasara. Haijawa adhabu," akasema mume wangu. "Sheria inasema nini?"

Sheria inasema mwenye kosa alime barabara ya moto, ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, kuzunguka msitu wa kijiji, aondoe visiki na majani, mpaka mvua ya kwanza. Gideoni akafungua daftari, akaandika: Andendekisye, halafu Damari. Mume wangu akasema asante, akavaa kofia, akaketi.

Damari alilia palepale, na nikajua si kwa uchungu.

Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi na nilidhani nimemjua. Nilidhani siku ile kwetu aliipenda sheria kuliko ndugu zangu. Leo nimemwona akijitendea vilevile alivyomtendea Asukile, bila kujipunguzia. Nilijivunia mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Na Jumanne aliniuliza. Hilo nalo sitalisahau.

Jumanne, 15 Oktoba

Nasri amekuja kutoa pole. Amesema paina iliyoungua ikipasuliwa haraka bado inatoa mbao, za daraja la chini, bei ya chini. Haifiki nyumba. Inafika msingi na kuta. Paa hakuna.

Jumamosi, 26 Oktoba

Wanalima. Yeye mbele, Damari nyuma. Nimewapelekea viazi na chai. Magoti yake yanamsumbua lakini ukimwambia apumzike anauliza kama mvua imeshanyesha.

Jumapili, 3 Novemba

Nimempigia Asukile nimweleze kwamba hatuji, au tukija tutakuwa na kuta bila paa. Nilijiandaa kwa kucheka kwake. Nikamweleza yote, moto, mkutano, kifungo cha jembe.

"Alijitaja mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya kijiji, kaka. Walimkataza."

Alinyamaza hata nikadhani mtandao umekatika kweli safari hii. Kisha akaniuliza barabara hiyo ya moto iko mahali gani hasa.

Jumatano, 13 Novemba

Joto. Mawingu yanakuja yanatudanganya yanaondoka.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikuwa napeleka chai kule msituni nikaona mwanaume amesimama barabarani na begi, anawatazama watu wakilima. Nilimjua kwa mabega kabla hajageuka. Alishuka Mafinga asubuhi, akapanda bodaboda. Nilimsalimu kikwetu, ugonile.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti anang'oa kisiki. Alimwona, akabaki vilevile chini.

"Shemeji," Asukile akasema.

"Asukile."

"Nimesikia wamekufunga."

"Wamenifunga. Mpaka mvua inyeshe."

"Nimekuja kuona kwa macho yangu." Akatazama kile kisiki kwa muda. "Unakikosea. Mzizi mkubwa uko upande huu."

Akavua koti, akamkabidhi Damari, ambaye hakujua hata ni nani. Wakaking'oa wawili. Wakaendelea na vingine mpaka jioni, na mimi nilikaa pale na birika lililopoa, siondoki.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ya kweli, ya kugonga bati. Kifungo kimekwisha. Asukile ameondoka leo baada ya siku zote hizi za jembe. Alisema hawezi kuacha kazi nusu.

Kabla ya kuondoka tulikaa jikoni watatu. Aliniambia mimi, lakini macho yalikuwa kwa mume wangu, "Nilifikiri alinishika kwa sababu sisi si kitu kwake. Nimekaa na hilo miaka yote." Mume wangu akasema, "Lile jeneza lilikuwa zuri, shemeji. Sijaona lingine kama lile." Asukile akafuta uso.

Kisha akasema tuje mwezi wa sita, kuta zianze, paa atatoa yeye. Ana miti yake mwenyewe shambani imeshakomaa.

"Na kibali cha kuvuna nitakata kwanza," akamwambia mume wangu.

Bwana Miti akasema, "Nitakwenda nawe kukikata." Nao wakacheka wote wawili, mpaka nikalazimika kutoka nje kwenye mvua.